Rundo lile la mawe halina dhahabu

"Chini ya mawe hayo kuna dhahabu." Kati ya kauli ninazosikia kuhusu marundo ya mawe ambayo ni makaburi ya kale, hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Bonde la Ufa nzima ukitembea utakuta marundo ya kale yaliyopasuliwa katikati, mifupa imesagika, na wachimbaji wameondoka mikono mitupu. Walitarajia nini? Wengi waliozikwa humo walikuwa wafugaji. Utajiri wao ulitembea kwa miguu minne.

Chukua Lothagam Kaskazini, kule Turkana, kaskazini mwa Kenya, kaburi la pamoja la takriban miaka 5,000 iliyopita lenye watu wasiopungua 580. Kilichopatikana ni shanga za mawe ya rangi na za ganda la yai la mbuni, mapambo ya meno ya kiboko, na kitu kinachoelekea kuwa pambo la kichwani, lililoundwa kwa meno zaidi ya 400 ya panya wa nyikani. Nipelekee hayo sokoni uone bei. Kwetu sisi wanaakiolojia thamani iko katika mahali kila kitu kilipolala: shanga ipo kwa nani, mtoto au mzee, juu ya nani, chini ya nani. Ukishaing'oa na sururu, imebaki kijiwe chenye tundu.

"Basi ni kaburi la chifu." Lothagam wamo watoto na wazee, wake kwa waume, na karibu wote walizikwa na mapambo yao. Huyo chifu yuko wapi?

"Shamba ni langu, nina hati." Hati ni ya ardhi. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 inaipa serikali vitu vya kale vilivyo ardhini, na kuvifukua bila leseni ni kosa.

"Lakini hapa hapana kibao." Hyrax Hill, eneo la mabaki ya kale huko Nakuru, ilitangazwa eneo la kumbukumbu ya taifa mwaka 1943 na kibao inacho. Marundo mengi hayana, ila katazo la kufukua halisubiri kibao. Aliyegundua ana siku saba kuwaarifu Makumbusho ya Taifa.

Na kuarifu peke yake hakukunyang'anyi shamba, wazee wangu. Piga picha kwa simu, weka kalamu kando ya kitu tujue ukubwa wake, usikiinue. Halafu mwambie mwenye trekta azungushe jembe mbali, kabla hajawasha injini.