Je, wajua kwa nini kihisi cha kutambua ugonjwa hutakiwa kunyumbuka kama ngozi?

Ngozi ya mkono hukunjika na kutanuka kila mtu anapoinua kikombe au anapojigeuza usingizini, ilhali chombo kigumu kilichofungwa juu yake hubaki vilevile. Kati ya viwili hivyo hutokea mwanya, na hata ukiwa mwembamba kuliko unywele hutosha kuvuruga kipimo, kwa sababu kihisi hakiuoni ugonjwa wenyewe. Kinachokifikia ni mkondo hafifu mno wa umeme.

Mkondo huo huzaliwa na kemia. Mwaka 1962, Leland Clark na Champ Lyons walieleza nchini Marekani namna ya kupima glukosi, yaani sukari ya mwilini, kwa kuweka kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) kwenye elektrodi, kipande kinachopitisha umeme. Kimeng'enya hicho, glukosi oksidesi, huichagua glukosi miongoni mwa kemikali nyingi za mwilini na kuibadili, na katika vihisi vingi vilivyofuata, hidrojeni peroksaidi inayotokana na badiliko hilo huachia elektroni zake kwenye elektrodi. Glukosi ikiongezeka, mkondo nao hupanda.

Tatizo ni kwamba silikoni inayobeba saketi, yaani njia za umeme zinazosoma mkondo huo, ni kitu kigumu, tena huvunjika kikipindwa. Ufumbuzi ulipatikana katika unene: ubao haukunjiki, lakini karatasi iliyotokana na mti uleule hukunjika, kwani unene ukipungua kwa nusu, ukinzani wa kupindwa hupungua mara 8. Mwaka 2011, kikundi cha John Rogers cha Chuo Kikuu cha Illinois kilionyesha saketi nyembamba kiasi cha kujishikiza kwenye ngozi bila gundi, zenye nyaya zilizochorwa kwa mikunjo ili zirefuke ngozi inapovutwa.

Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakiongozwa na Ali Javey, walitengeneza mkanda wa plastiki laini uliopima jasho la mtu akiwa anafanya mazoezi: glukosi, lakteti, sodiamu na potasiamu, pamoja na joto la ngozi. Kipimo hicho cha joto kinastahili heshima kuliko kinavyopewa, maana kimeng'enya hufanya kazi kwa kasi zaidi penye joto, na bila marekebisho mtu aliyepata joto tu angeonekana kuwa sukari yake imepanda.

Hata hivyo, jasho halifai kwa kila ugonjwa. Glukosi iliyomo ni kidogo sana ikilinganishwa na ya damu, na huchanganyika kwa urahisi na mabaki yaliyo juu ya ngozi. Ndiyo maana vihisi vinavyotumiwa na wagonjwa wa kisukari leo huingiza uzi mwembamba chini ya ngozi, kwenye majimaji yaliyo kati ya seli.

Jasho lina nguvu yake kwa sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoufanya ute wa mapafu na kongosho kuwa mzito. Tangu mwaka 1959, madaktari wamekuwa wakichochea jasho kwa dawa ya pilokapini inayosukumwa ngozini kwa umeme mdogo, kisha kupima kloridi, sehemu ya chumvi iliyomo katika jasho: kiasi cha milimoli 60 kwa lita au zaidi huashiria ugonjwa huo, ambao huthibitishwa pia kwa kipimo cha jeni. Kwa kawaida jasho hukusanywa kwa nusu saa na kupelekwa maabara, lakini kiraka kinachonyumbuka kinaweza kusoma kloridi papo hapo kwenye mkono wa mtoto, hata akitapatapa.