Mazoezi yanakuchosha kupita kiasi? Anza kwa kupima damu

Mwanamke anayeanza mazoezi mara nyingi hupewa mpango wa chakula wa mwanamume, ila umepunguzwa. Wali na ugali vikipunguzwa si neno. Kwenye madini ya chuma hesabu inageuka: mwanamume mtu mzima anahitaji miligramu 8 kwa siku, mwanamke wa miaka 19 hadi 50 anahitaji 18 kwa sababu ya damu ya hedhi, na mjamzito 27. Yaani mwenye sahani ndogo ndiye anayedaiwa chuma zaidi ya mara mbili.

Chuma kikipungua, miguu huwa mizito, moyo huenda mbio na pumzi hukata mapema. Wengi hudhani ni uvivu, wakaongeza mazoezi.

Maharage na mboga za majani vina chuma, ila cha mimea hufyonzwa kwa shida, na chai huzidi kukizuia. Chai, ya rangi au ya maziwa, isogezwe saa moja au mbili baada ya mlo. Pamoja na mlo wenyewe liliwe pera, chungwa au kachumbari iliyokamuliwa ndimu. Vitamini C hupungua ikichemshwa, hivyo nyanya ya mchuzi haitoshi. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe. Dagaa au nyama, hata kidogo, husaidia mwili kufyonza chuma cha maharage hayo. Maini ni mazuri mno, isipokuwa kwa mjamzito: vitamini A yake ni nyingi kupita kiasi.

Vidonge visinunuliwe kwa kubahatisha. Pima wingi wa damu kwanza. Kwa asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Kipimo kinaweza kusoma 12.5 huku akiba ya chuma imekwisha, kwa hiyo uchovu ukiendelea omba kipimo cha feritini, yaani cha akiba hiyo. Pedi inayolowa kila saa moja au mbili, au hedhi inayozidi siku 7, ni ya kumwona daktari.

Anayekimbia sana na kula kidogo akikosa hedhi miezi 3, apime ujauzito. Kama hana, huenda mwili umekosa nishati, homoni ya kike, estrojeni, imeshuka na mifupa inadhoofika. Amwone daktari, aongeze chakula, apunguze mbio. Vidonge vya uzazi wa mpango vitamletea damu ya kila mwezi, lakini tatizo litabaki pale pale, sasa bila dalili.