Je, wajua kwa nini mlango wa nyuma huunganisha mitaa kuliko ukumbi mzuri?

Simama saa saba mchana ndani ya City Market, soko la miaka ya 1930 katikati ya Nairobi. Utaona watu wengi wasiouliza bei ya nyama wala ya kinyago. Wameingia upande wa Muindi Mbingu, wanatokea Koinange, basi. Kwao soko ni njia ya mkato.

Zamani niliwaona kama kero. Niliamini, na ningebishana na yeyote, kwamba jengo la umma huunganisha mitaa iliyotengwa kwa kile kilichomo ndani: vitabu, viti, intaneti ya bure. Jenga ukumbi mzuri, usitoze kiingilio, watu watakutana. Nilisahau geti. Jengo linaweza kuwa la bure na bado likawa limefungwa: ukuta pande tatu, geti moja, na askari anayeuliza, "Unaenda kumwona nani?" Mwenye shida yake atajibu. Asiye na shida atageuka, na huyo ndiye hasa tuliyemtaka. Tena geti lenyewe huelekea barabara kuu, magari yanakofikia, kwa hiyo mtaa wa nyuma hupata ukuta mtupu. Maktaba ileile ni jirani kwa mtaa mmoja na kizuizi kwa mwingine. Miaka yote hiyo nilikuwa nahesabu rafu, kumbe nilipaswa kuhesabu milango.

Fikiria shati. Mfuko una mdomo mmoja: kinachoingia kimekusudiwa kuingia, na hutoka palepale kilipoingilia. Mkono wa shati una midomo miwili, nao upo ili kitu kipite. Jengo la geti moja ni mfuko. Litoboe mlango wa pili unaotazama mtaa mwingine, na sasa anayekwenda stejini, mtoto atokaye shule na fundi mwenye ngazi begani wote watapita humo, mradi njia hiyo iwapunguzie mwendo au kona. Isipowapunguzia, mlango huo ni pambo tu.

Bill Hillier na Julienne Hanson, watafiti wa usanifu wa chuo kikuu cha UCL, London, walilifanyia kazi wazo hili, na mwaka 1993, pamoja na wenzao, wakalichapisha: jinsi njia zinavyoungana huathiri sana mahali watu wanapopita, hata kabla ya kuangalia kuna nini kandokando. Mama wa mandazi analijua bila hesabu. Hategi jiko mwisho wa kichochoro kisichotokea. Hulitega njia mbili zinapokutana, ndipo hata asiyekuwa na hamu ya mandazi hununua. Njia ilitangulia, mandazi yakafuata. Wengi wetu tunapanga majengo kinyume chake.

Mfano ninaoupenda kupita kiasi uko São Paulo, Brazili. Jumba la sanaa la MASP, lililofunguliwa mwaka 1968, msanifu Lina Bo Bardi aliliinua juu ya nguzo na kuacha uwazi wa mita 70 na zaidi chini yake, kama mtu aliyekunja suruali avuke matope. Unaweza kupita hapo maisha yako yote bila kutazama hata picha moja, na jengo likawa limekuhudumia.

Nairobi ilitengwa kwa makusudi: wakoloni waliwapangia watu makazi kwa rangi, na reli, mto na barabara zikawa mipaka. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika, ina ukumbi wake katikati, nyumba zikiuzunguka. Kwa watu wa Kaloleni hapo ni pazuri sana. Lakini katikati ya mtaa si mpakani. Anayetaka kuunganisha mitaa miwili atajenga kwenye mshono, pale vitambaa viwili vinapokutana.

Tusitie chumvi, hata hivyo. Mji unaotajwa sana ni Medellín, Kolombia, uliojenga gari la kamba mwaka 2004 na kisha maktaba vilimani. Utafiti mmoja ulionyesha kwamba kati ya 2003 na 2008 mauaji yalipungua kwa kasi zaidi kwa asilimia 66 katika mitaa iliyoboreshwa kuliko katika mitaa ya kulinganishwa. Lakini usafiri, taa, shule na maktaba vilikuja pamoja, kwa hiyo huwezi kuupa mlango wa maktaba sifa hizo zote. Na kupishana si kufahamiana. Mlango huleta watu karibu, hauwalazimishi kusalimiana.

Kuna gharama pia. Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani la 1998 na shambulio la jengo la maduka la Westgate la 2013, kila mlango Nairobi unadai askari wake na mashine yake ya kukagua. Ndiyo maana mlango wa pili wa majengo mengi upo, umepakwa rangi vizuri, na umetiwa kufuli.