Wimbledon, mashindano yaliyozaliwa na rola

Ikikaribia Julai, wanafunzi wangu wa tenisi huuliza lilelile: mbona kule Wimbledon mpira hauinuki? Ni nyasi. Mpira ukigusa nyasi huteleza na kupita chini, na kama hukuinama mapema umeshapitwa. Anayeanzisha mpira kwa nguvu hufaidi.

Mashindano yenyewe yalitokana na kuzitunza nyasi hizo. Mwaka 1877 klabu ya London iliyoanzishwa 1868 kwa ajili ya kroketi, mchezo wa kugonga mipira kwa nyundo za mbao, ilitafuta fedha za kukarabati rola ya kusawazisha uwanja, iliyokokotwa na farasi mdogo. Wakaandaa mashindano ya tenisi. Wakajitokeza wanaume 22, akashinda Spencer Gore. Wanawake waliingia 1884, bingwa wao wa kwanza akawa Maud Watson.

Hadi 1921 bingwa mtetezi alikaa tu akingoja wenzake wachujane, kisha akacheza mechi moja ya kutetea taji. Dhuluma tupu, ingawa Gore haikumsaidia: 1878 Frank Hadow alimrushia mipira ya juu kupita kichwa hadi akamvua ubingwa. Utaratibu huo ulifutwa 1922, mwaka klabu ilipohamia Church Road. Wachezaji wa kulipwa walifunguliwa mlango 1968.

Leo mchezaji mmoja mmoja huingia kwenye droo ya watu 128, raundi saba ndani ya wiki mbili. Mwanamume anahitaji seti (mafungu ya gemu) tatu kati ya tano, mwanamke mbili kati ya tatu.

Seti ya mwisho ndiyo iliyosumbua. Kwenye nyasi ni kazi kumshinda mtu gemu anayoanzisha mwenyewe, na zamani seti hiyo haikuwa na taibreki, yaani gemu ya pekee ya kuamua seti ikiwa sare; walicheza tu hadi mmoja amwache mwenzake kwa gemu mbili. Mwaka 2010 wachezaji Isner na Mahut walicheza saa 11 na dakika 5, kwa siku tatu, hadi seti ya mwisho ikaisha kwa gemu 70–68! Mwaka 2019 ikawekwa taibreki wakifika 12–12. Tangu 2022 ni 6–6, anashinda anayetangulia kufika pointi 10 kwa tofauti ya mbili.

Ukitazama fainali, usiangalie mpira peke yake. Nyasi zilizokatwa kubaki milimita 8 huwa zimeisha kwenye mstari wa nyuma, udongo uko wazi. Enzi za wachezaji waliokimbilia neti kila walipoanzisha, njia ya udongo ilichorwa hadi mbele. Siku hizi huko mbele bado ni kijani.