Serikali haikutokana na "siri kali", na sheria haikuisubiri serikali

Desemba iliyopita tulikaa kikao cha ukoo kijijini, Kilimanjaro, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha marehemu babu. Ajenda ilikuwa mpaka. Mstari wa masale, ile mimea tunayopanda mpakani, ulikuwa umesogea hatua tatu kuingia upande wa pili, na masale hayatembei yenyewe. Kabla wazee hawajaanza, mdogo wangu mmoja, mtoto wa baba mdogo, anayesoma chuo mjini, akaomba kutoa neno. Akasema tusipoteze muda, shauri liende Baraza la Ardhi la Kata, kwa sababu zamani hapa hakukuwa na sheria, kulikuwa na mila tu, na sheria haiwezi kuwepo pasipo serikali. "Na serikali yenyewe, wazee wangu, maana yake ni siri kali."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa hiyo ya siri kali nimeshaisikia kwenye daladala, kwenye mahubiri, na kwenye semina elekezi ambayo nililipwa posho kuisikiliza.

Maana kwanza, haraka haraka. Sheria ni kanuni ambayo ukiivunja ipo njia inayojulikana ya kukubana. Serikali ni watu wenye kazi ya kudumu ya kuendesha mambo ya wote: kukusanya kodi, kutoa amri, kusimamia utekelezaji. Dola ni mamlaka yenyewe, inayobaki hata serikali zikipishana. (Neno lenyewe linachekesha kidogo: *dawla* ya Kiarabu inatoka kwenye mzizi wa kugeuka na kupokezana. Tunaliita jambo la kudumu kwa jina la zamu.) Hayo mengine yamo kwenye kitabu chochote cha uraia.

Sasa hilo la siri. Naelewa linavyovutia. Aliyewahi kufuatilia faili lake ofisini miezi sita haitaji kushawishiwa sana. Lakini kamusi za Kiswahili za karne ya 19 zinaandika *serkali*, r na k zikiwa zimegandana, bila irabu katikati. Kama neno lingezaliwa na "siri", ile i ya pili ingekuwepo tangu mwanzo. Tumeichomeka baadaye ili kutenganisha konsonanti, kama Kiswahili kinavyopenda. Wajaluo waliolichukua neno hilo bado wanasema *sirkal*, bila kuchomeka kitu. Wakikuyu, ambao hawana s wala l, wamelifanya *thirikari*. Irabu ya kwanza imeyumba huku na huku, lakini siri haimo popote.

Asili yake ni Kiajemi: *sarkār*. *Sar* ni kichwa, *kār* ni kazi. Kichwa cha kazi, yaani msimamizi, mkuu anayewaangalia wengine wakifanya. Huko Uhindini hadi leo *sarkar* ndiyo serikali, na katika bahari ambayo majahazi ya Waajemi, Wahindi na Waarabu yalipishana kila msimu, si ajabu likashuka pwani yetu. Ukitaka ushahidi wa karibu zaidi, nenda kwa fundi wa magari. Karakana ni *kārkhāna*, nyumba ya kazi: *kār* ileile, na irabu ya kuchomeka vilevile. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba karakana ni "kara" ya nani sijui na "kana" ya nini. Neno la serikali limeonewa kwa sababu tu serikali inaudhi.

Majirani zetu hawakupita njia hiyo. Rwanda na Burundi serikali ni *Leta*, na Kongo utalisikia hilohilo: ni *l'État* ya Kifaransa iliyovalishwa nguo za nyumbani. Kwao jina lilikuja na meza ya Mbelgiji. Kwetu lilishafika kwa jahazi kabla ya Mjerumani kujenga boma la kwanza.

Naling'ang'ania neno hili kwa sababu linasema ukweli ambao mdogo wangu aliupindua. Msimamizi wa kazi huja kazi ikiwa ipo. Watu huanza kufanya jambo pamoja, wanagombana, wanawekeana masharti, na siku nyingi baadaye ndipo anatokea wa kulipwa kwa kuwasimamia. Mdogo wangu alidhani msimamizi anatangulia na kazi inamfuata.

Na mfano ulikuwa ukipita nyuma ya kiti alichokalia. Pale kihambani kuna mfongo, mfereji unaoleta maji kutoka kijito cha juu, miongoni mwa ile mingi ambayo Wachaga waliichimba kwenye miteremko ya mlima kabla ya mzungu yeyote kuuona. Mfongo una wenyewe. Ukoo uliofungua mkondo ndio huwa na kauli ya kwanza, maji hugawanywa kwa zamu, na kingo zikibomoka wote wanaoutumia hutoka na majembe. Usipotoka unatozwa, ukirudia unanyimwa zamu, na kihamba kisicho na maji wakati wa kiangazi kinakufundisha adabu upesi kuliko polisi. Hakuna aliyeajiriwa hapo. Wajerumani walimnyonga Mangi (yaani chifu) Meli mwaka 1900, na baada yake wamangi wakawa wanasimama au kuanguka kwa hiari ya boma. Maji yaliendelea kugawanywa kwa zamu.

Hapo siwezi kujizuia kutaja neno la pili. *Sharīʿa* ya Kiarabu, iliyotupa "sheria" yetu, kabla ya kuwa neno la dini na la mahakama, lilikuwa neno la wafugaji wa jangwani: njia ya kwendea maji, mahali mifugo inaposhukia kunywa. Jangwani njia hiyo si jambo la kubahatisha, na wote lazima waipite bila kuuana. Mzee wa mfongo angelielewa bila mkalimani.

Kwa hiyo sheria pasipo serikali si nadharia. Kisiwa cha Iceland kiliendeshwa hivyo kuanzia mwaka 930 hadi miaka ya 1260, walipomkubali mfalme wa Norway. Hawakuwa na mfalme wao, jeshi wala mtoza kodi wa nchi nzima. Walikuwa na mkutano mkuu kila kiangazi, Althing, na mtu mmoja mwenye cheo cha msema sheria. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mwamba na kuzisema sheria kwa kichwa, theluthi moja kila mwaka, ili kwa miaka mitatu ziwe zimesikika zote. Uliyeshinda kesi ulitoka na hukumu mkononi, basi. Kuitekeleza ilikuwa juu yako na ndugu zako. Mdhaifu alilazimika kutafuta mwenye nguvu wa kumsemea, na hapo ndipo wakubwa walipojitengenezea.

Karibu na sisi kuna Wasomali na *xeer* yao, makubaliano ya koo na koo yanayotunzwa na wazee. Roho ya mwanamume ina dia (fidia ya damu) ya ngamia 100, na si muuaji peke yake anayelipa, ni kundi zima la ndugu walioapa kulipa pamoja. Ndiyo maana kundi hilo linamchunga kijana wao mkorofi kwa jicho kali. Serikali kuu ya Mogadishu ilipoanguka Januari 1991, *xeer* haikuanguka nayo, maana haikuwa imesimamishwa nayo. Sisemi ni mbingu. Mwanamke kwa kawaida huhesabiwa ngamia 50, na asiye na ukoo mkubwa hana wa kumdaia. Ni sheria, lakini si lazima iwe tamu.

Kuna na wale wa Hammurabi, wanaosema sheria ilianza siku mfalme wa Babeli alipochonga jiwe lake, karibu mwaka 1750 kabla ya Kristo. Jiwe ni zuri kweli, jeusi, refu kuliko mtu, na sasa liko Paris. Lakini mfalme Ur-Nammu wa mji wa Uru (wa Iraki ya leo, si Uru yetu ya mlimani) alikuwa na sheria zilizoandikwa zaidi ya miaka 300 kabla yake, na humo aliyemtoboa mwenzake jicho analipa nusu mina ya fedha, yaani kama robo kilo. "Jicho kwa jicho" ya Hammurabi imekuja baadaye, na hata yeye aliiweka kwa waungwana tu. Jicho la mtu wa chini lililipwa kwa fedha. Anayedhani binadamu alianza na kisasi kisha akastaarabika polepole hadi faini, aangalie tarehe. Na kwenye mabamba ya udongo yenye kesi zenyewe za Babeli, ni nadra sana kukuta mahakimu wakilitaja lile jiwe. Walikuwa na namna zao za kuamua, na mfalme akaja kuweka sahihi.

Serikali huja vipi basi? Njia ni nyingi, lakini ipo moja iliyohifadhiwa ndani ya neno *mtemi* la Wasukuma na Wanyamwezi. Linatokana na kutema, kukata. Wengine wanasema mtemi ni aliyetangulia kutema miti, akafungua pori watu wakakaa. Wengine wanasema ni anayetema mashauri, anayeyakata maneno yakafika mwisho. Sioni haja ya kuchagua. Sote tunasema "kukata shauri". Mtu anakata la leo, anaitwa kukata la kesho, analetewa mbuzi kwa shukrani, na siku mbuzi anakuwa wa lazima, umeshapata kodi.

Limebaki hilo la "mila tu", au kama wengine wanavyosema, "desturi tu", ambalo ndilo linalonikera kuliko siri kali. Desturi pia ni Kiajemi, *dastūr*, kanuni au utaratibu uliowekwa. Waarabu nao walilichukua neno hilohilo, na kwao *dustūr* leo ni katiba ya nchi. Ukisafiri kutoka Tanga hadi Muscat, "desturi tu" inapanda cheo njiani. Na hata serikali yetu haikuwahi kuamini kwamba sheria ni zile zake peke yake. Mwaka 1963 Tanganyika ilifuta uchifu kisheria. Mwaka huohuo, kwa Tangazo la Serikali Na. 279, ikaziandika sheria za kimila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, ili mahakama zizitumie. Machifu walirudi nyumbani. Kanuni zikabaki kazini.

Kikao kiliisha jioni. Baba mkubwa aliyesogeza mpaka hakukiri kwa mdomo. Aliinuka, akachuma jani la isale, akamkabidhi ndugu yake kwa mikono miwili. Kwetu ukipewa isale huna njia ya kukataa kusamehe. Ukikataa, mkosaji anakuwa wewe. Halafu tukaenda na kamba, na aliyepewa kushika ncha ya pili ni mdogo wangu wa chuo, kwa kuwa viatu vyake vilikuwa vimeshaharibika kwa tope.

Tulipokuwa tunarudi nikamwambia: dogo, kupeleka shauri Kata si kosa, na kama baba mkubwa angekataa kusogea tungekwenda wote. Ila usiseme hakukuwa na sheria. Sema hakukuwa na ofisi, na kwa hapa kwetu hata hilo ulisemee enzi za kabla ya wamangi. Na ukifika chuo andika "serikali", ya mwanzo iwe e, halafu pembeni uweke *sarkār*. Akauliza siri kali aipeleke wapi. Nikamwambia kwenye harusi, akiwa ameshika maiki, hakuna atakayemkatalia.