Sosi ya saladi ya jibini ya buluu: maswali na majibu kwa jiko la Zanzibar

Vijana wetu wengi wanaopika katika mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa na Paje wameshajua kutengeneza sosi nzito ya jibini ya buluu, ile inayomiminwa juu ya majani ya saladi au kuchovewa mabawa ya kuku. Sasa ujuzi huo wanarudi nao nyumbani, na jibini yenyewe inaonekana katika baadhi ya maduka makubwa ya mjini. Ni chakula kizuri kikitengenezwa kwa hadhari, ila wapo watu ambao hakiwafai kabisa.

Jibini ina madoa ya buluu na harufu kali. Si imeoza hiyo?

Haijaoza. Madoa yale ni ukungu uitwao Penicillium roqueforti, nao hutiwa makusudi. Jibini hutobolewa kwa sindano ndefu ili hewa ipenye ndani, na ukungu huota kwa kufuata vijia hivyo, ndiyo maana ukiikata unaona michirizi. Roquefort ya Ufaransa hutokana na maziwa ya kondoo. Gorgonzola ya Italia na Stilton ya Uingereza hutokana na ya ng'ombe. Kwa mtu mwenye afya njema, ukungu huu hauna neno. Kinachowaumiza watu katika sosi ya aina hii ni yai bichi, joto letu la pwani na friji iliyozimika.

Jibini iliyoharibika kweli utaijua: inateleza mkononi, imeota manyoya meusi au rangi ya waridi, au inatoa harufu inayochoma pua kama mkojo uliolala.

Kama ukungu huo unaliwa, na mkate ulioota ukungu nikwangue nile?

Hapana. Ukungu wa mkate, mahindi au njugu umejiotea wenyewe, na hujui ni wa aina gani. Baadhi ya aina hutoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Tupa.

Nitengenezeje nyumbani bila ya kutumia mayai mabichi?

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo unapoweza kuikinga familia yako. Sosi ya asili huwa na mayonezi ndani yake, na mayonezi ya kupiga mwenyewe ni yai bichi na mafuta. Yai linaweza kubeba bakteria wa salmonela, nje ya ganda au ndani. Wengi huamini kwamba ndimu au siki inawaua. Haitoshi kuitegemea, anayewaua kwa uhakika ni moto. Mayonezi ya kiwandani kwa kawaida hutengenezwa kwa mayai yaliyopitishwa kwenye joto, kwa hiyo ni salama zaidi, lakini mimi nashauri uiache kabisa utumie mtindi. Sosi inakuwa nyepesi tumboni, na mtindi wetu unaipa ukali mzuri.

Chemsha maziwa kwanza hata kama umeambiwa yametoka kwa ng'ombe safi, kwani maziwa mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Yakishapoa yakawa vuguvugu, yagandishe. Mtindi ukiwa tayari, uchuje kwa kitambaa chepesi kilichofuliwa kikachemshwa, uukalishe juu ya chujio ndani ya friji kwa saa chache hadi uwe mzito. Usiutundike jikoni usiku kucha.

Chukua kikombe kimoja cha mtindi huo. Ponda gramu 100 za jibini kwa uma, nusu ziwe laini na nusu zibaki na vibonge. Changanya na kijiko kimoja cha chakula cha maji ya ndimu, punje moja ya thomu iliyosagwa na pilipili manga kiasi upendacho. Ikiwa nzito mno, ongeza maziwa yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja kimoja. Chumvi usitie. Ifunike na uiweke kwenye friji saa moja kabla ya kula, harufu ya thomu ikolee.

Kwa nini nisitie chumvi?

Kwa sababu imo tayari. Gramu 100 za jibini ya buluu hubeba takriban gramu 3 za chumvi, na Roquefort hubeba zaidi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na hapo umehesabu mchuzi, mkate na samaki. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au wa figo aionje tu, vijiko viwili visizidi, na si kila siku. Mafuta yake nayo ni mengi: karibu gramu 30 katika kila gramu 100 za jibini, na sehemu kubwa ni yale yanayopandisha kolesteroli. Ramadhani, usiiweke kwenye daku. Utashinda na kiu.

Nina mimba ya miezi mitano. Mume wangu ni mpishi hotelini na ananiletea sosi hii. Nile?

Usile, dada yangu, na mume wako asikuone umeidharau zawadi yake. Jibini laini za buluu zinaweza kuwa na bakteria aitwaye listeria, hasa zikitengenezwa kwa maziwa mabichi kama ilivyo Roquefort, lakini hata zile za maziwa yaliyochemshwa haziaminiki, kwa sababu bakteria anaweza kuingia baadaye wakati jibini inapoiva. Ubaya wake ni kwamba baridi ya friji haimzuii. Wenzake wengi hutulia humo. Yeye anaendelea kuzaliana polepole.

Mama anaweza kuhisi homa ndogo tu, maumivu ya mwili na uchovu, akadhani ni mafua au malaria. Mtoto tumboni ndiye anayepata madhara makubwa: mimba kuharibika, kuzaliwa mfu, au kuzaliwa akiwa na maambukizi mazito. Dalili zinaweza kuchelewa hata wiki kadhaa baada ya kula. Ukipata homa, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo na umwambie mkunga au daktari kwamba ulikula jibini ya aina hii. Ugonjwa huu una dawa, na dawa ikiwahi inasaidia.

Ukiitamani sana, jibini hiyo ipikwe ndani ya sosi ya moto mpaka itokote kote, uile ingali moto. Au tengeneza sosi ile ile ya mtindi, na badala ya ya buluu ukune Cheddar ngumu ya maziwa yaliyochemshwa.

Tahadhari hii inawahusu pia wazee, watoto wadogo, wanaotibiwa saratani na yeyote ambaye kinga yake imeshuka.

Natumia dawa za kifua kikuu. Zinagombana na jibini?

Zinaweza kugombana, na swali hili watu hawaliulizi inavyostahiki. Jibini zilizokaa muda mrefu zina kitu kiitwacho tairamini. Mwili kwa kawaida huivunja bila ya shida, lakini isoniazidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huweza kuudhoofisha uwezo huo, na linezolidi, inayotumika kwa kifua kikuu sugu, vilevile. Matokeo yake ni kichwa kugonga, uso kuwaka, moyo kwenda mbio na presha kupanda. Baadhi ya dawa za sonona nazo zina tabia hiyo hiyo, kwa ukali zaidi. Iache jibini mpaka umalize dozi, na usiache dawa kwa ajili ya jibini. Mtoa huduma wako ndiye wa kumuuliza.

Nina aleji ya penisilini.

Jina linatisha, lakini ukungu wa jibini si ule unaotengenezewa dawa. Aleji ya dawa peke yake haikukatazi kula jibini hii. Mwenye aleji ya ukungu wenyewe amuone daktari kwanza.

Umeme ukikatika, sosi iliyomo kwenye friji inadumu muda gani?

Tunaokumbuka giza la Unguja la Disemba 2009 hadi Machi 2010 tunajua kwamba hili si swali la mzaha. Friji isiyofunguliwa hushika baridi kama saa 4. Sosi hii inatakiwa ikae chini ya nyuzi 5. Ikishapanda juu ya hapo kwa zaidi ya saa 2, mwaga. Kuirudisha kwenye baridi umeme ukija hakuwapunguzi bakteria waliokwisha zaliana. Mezani pia iwe hivyo: saa 2, na mchana wa Februari au Machi joto likipita nyuzi 32, saa 1 inatosha. Toa kidogo kwenye kibakuli, nyingine iache ndani, na iliyobaki mezani usiirudishe chomboni.

Hata umeme usipokatika, iishe ndani ya siku 3 au 4. Andika tarehe kwenye kifuniko.

Na majani yenyewe?

Osha mikono kwanza, kisha majani, matango na tungule, vyote kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, jani moja moja, hasa pale yanapoungana na shina. Sisi kipindupindu tunakijua. Ubao uliokatia kuku mbichi usikatie saladi.

Jibini hii ni halali?

Angalia kwenye pakiti imegandishwa kwa nini. Renneti, yaani kile kinachogandisha maziwa yawe jibini, inaweza kutoka tumboni mwa ndama au mwanakondoo, kama ilivyo kwa Roquefort, au kwa vijidudu. Ukishajua chanzo chake, hukumu yake muulize sheikh wako.