Chanda kwanza, pete baadaye: yanayosemwa kuhusu pete za ndoa na ukweli wake

Katika harusi nyingi za mjini, pete hununuliwa mwishoni kabisa. Ukumbi umeshalipiwa, keki imeshaagizwa, kamati imeshagombana kuhusu idadi ya kadi, ndipo mtu anakumbuka pete. Bwana harusi anakimbizwa Kariakoo na pesa iliyobaki na kipimo cha kukisia. Huko anaongozwa na maneno ya shangazi, ya muuzaji na ya mtandaoni, na mengi kati ya hayo si ya kweli.

"Karati nyingi, pete bora"

Karati hupima kiasi cha dhahabu kilichomo, si uimara wa pete. Dhahabu tupu ni karati 24, na ni laini kiasi kwamba pete yake hupinda na kuchubuka kwa kazi za kawaida za nyumbani. Sonara huichanganya na shaba, fedha au madini mengine ili ikaze, na mchanganyiko huohuo ndio unaoipa rangi: shaba ikizidi, pete huwa na wekundu.

Ndani ya pete tafuta muhuri wa namba. 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Ni hesabu ya sehemu kati ya elfu, kwa hiyo pete ya 750 ni robo tatu dhahabu. Kwa pete isiyovuliwa, mimi ningechukua karati 18, na 14 kama mvaaji anashika vyuma au jembe. Najua akina mama wengi wa pwani watanipinga, maana kwao dhahabu ya karati 22 ni akiba, na siku ya shida huuzwa kwa mizani. Wana haki. Lakini akiba hiyo inakaa vizuri kwenye bangili, ambayo haisuguani na sufuria kila siku.

"Sumaku isipoivuta, ni dhahabu"

Shaba haivutwi na sumaku. Fedha na risasi pia hazivutwi. Sumaku itakuumbulia pete ya chuma, basi. Kuing'ata nako hakusaidii, kwa kuwa risasi ni laini vilevile. Sonara huisugua pete kwenye jiwe jeusi, kisha huudondoshea mchirizi ule tindikali na kutazama kama unafifia. Wenye mashine ya mionzi huisoma bila kuikwangua. Muhuri peke yake hautoshi, kwani hata pete iliyochovywa dhahabu juujuu tu inaweza kupigwa muhuri. Dai risiti inayotaja karati na uzito kwa gramu. Muuzaji anayekataa kuandika karati ameshakujibu.

"Dhahabu nyeupe huchimbwa ikiwa nyeupe"

Si Geita wala kwingineko. Ni dhahabu ya kawaida iliyochanganywa na nikeli au paladiamu, kisha ikapakwa rodiamu ili ing'ae. Rangi hiyo huisha, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili, na umanjano ukianza kuchungulia watu hudhani wametapeliwa. Hawajatapeliwa, ila hakuna aliyewaambia kwamba pete hiyo hurudishwa kwa sonara kupakwa upya. Na kama bibi harusi huwashwa akivaa hereni za bei rahisi, huenda ni nikeli inayomwasha; aachane nayo, aulize ya paladiamu.

"Tuweke tanzanite, ndiyo jiwe letu"

Wazo linavutia. Tanzanite iligunduliwa mwaka 1967 katika vilima vya Mererani, na mpaka leo haichimbwi mahali pengine popote duniani. Kwa wawili waliokutana Arusha, jiwe gani lingine lingesema zaidi?

Tatizo ni ugumu wake. Kwenye kipimo cha Mohs, chenye ngazi 1 hadi 10, tanzanite iko kati ya 6 na 7. Vumbi la kawaida, hata lile unalofuta mezani, lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7. Maana yake ni kwamba jiwe linakwaruzwa polepole na hewa ya nyumba yako mwenyewe. Zaidi ya hapo, hupasuka kirahisi likigongwa na halipendi joto la ghafla. Liwekeni kwenye hereni au mkufu, litawazika. Kama lazima likae kidoleni, liwe kwenye pete ya kutokea tu.

Anayetaka jiwe la Tanzania kwenye pete ya kila siku atazame rubi ya Longido au yakuti samawi ya bonde la Umba. Yote mawili yana ugumu wa 9, na kwenye kipimo kilekile ngazi iliyo juu yao ni ya almasi tu. Haya hayasemwi sana madukani, labda kwa kuwa jina la tanzanite linajiuza lenyewe.

"Pete igharimu mishahara miwili"

Hiyo ni sauti ya matangazo ya De Beers, kampuni ya almasi, yaliyovuma Marekani miaka ya 1980. Kaulimbiu yao kwamba almasi ni ya milele ilitungwa mwaka 1947, mwaka uleule ambao mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ulitoa almasi ya waridi ambayo mwenye mgodi, Williamson, alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Tena matangazo yale yalihusu pete ya uchumba. Pete ya ndoa hayakuigusa.

"Bila pete ndoa haijakamilika, na lazima zifanane"

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka hiari ya wawili na mashahidi. Pete si sharti. Katika Uislamu pia pete si nguzo ya nikahi, ingawa inaweza kuwa mahari: Mtume alimwambia mtu asiye na kitu atafute japo pete ya chuma. Kwa kuwa mwanamume Mwislamu haruhusiwi kuvaa dhahabu, bwana wengi huvaa fedha, yenye muhuri wa 925, na bibi dhahabu. Wakitaka ziwe ndugu, sonara anaweza kuzichora nakshi moja au kuandika ndani maneno yanayokamilishana. Kwangu mimi hilo linapendeza kuliko jozi ya kwenye boksi.

Kuhusu madai kwamba pete huvaliwa kidole cha nne cha kushoto kwa sababu kina mshipa wa moja kwa moja hadi moyoni: kila kidole kina mishipa inayorudi moyoni. Ni imani ya kale ya Warumi. Wajerumani na Warusi huvaa pete mkono wa kulia, na ndoa zao ni ndoa.

"Isiyokwaruzika ndiyo ya maisha"

Pete ya tangsteni, madini magumu ya kijivu, haikwaruziki kirahisi, kweli, na bei yake ni nafuu. Lakini haiongezwi wala kupunguzwa, na ikianguka kwenye marumaru inaweza kupasuka. Vidole navyo hubadilika: hunenepa kwa joto la Dar, husinyaa kwa baridi ya Njombe, huvimba kwa ujauzito. Pimeni zaidi ya mara moja, asubuhi na jioni, na kumbukeni kwamba pete pana hubana kuliko nyembamba ya saizi ileile.

"Kuivua ni mkosi"

Fundi umeme, makanika na mwendesha mashine waivue kila wanapoingia kazini. Pete ikinaswa na mashine inaweza kuondoka na nyama ya kidole. Mjamzito naye aivue mapema, kabla vidole havijavimba. Ikishakwama, inueni mkono juu, pakeni mafuta, zungusheni taratibu. Kidole kikianza kuwa cha buluu, nendeni hospitali ikakatwe. Ya tangsteni hubanwa kwa koleo mpaka ipasuke, na hapo imekwisha. Ya dhahabu hukatwa sehemu moja tu, na sonara ataiunga.